Faji zilizopigwa mionzi zinapozaa tena: ni uchafu, au DNA imekarabatiwa?

*"Shikamoo Daktari. Niko mwaka wa mwisho na mradi wangu unahusu faji T4, yaani kirusi kinachoambukiza bakteria, na bakteria E. coli. Niliziweka faji chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno, kisha nikazizimua na kuzipanda kwenye sahani pamoja na bakteria. Zilizoweza kutoa madoa, yaani sehemu tupu ambapo bakteria wamekufa, zilikuwa kama 3 tu kwa kila 1,000. Lakini faji za chupa ileile nilipozichanganya na bakteria bila kuzizimua, kwa hesabu ya faji 5 kwa kila bakteria mmoja, baada ya saa chache kimiminika kilikuwa kimesafika kabisa na nikavuna faji nzima kwa wingi. Msimamizi wangu anasema nimechafua sampuli. Rafiki yangu anasema kirusi hakiwezi kujikarabati kwa kuwa si kiumbe hai. Nimesoma kidogo kuhusu rekombinesheni, yaani molekuli za DNA kubadilishana vipande, lakini vitabu vinaichora kama mistari miwili inayopishana na sioni inakarabati nini. Je, nitupe matokeo au nirudie? Na kama kweli zinachanganya jeni, je, nimetengeneza virusi vipya vya hatari?"*

Marahaba. Umeandika namba zako zote, na hilo limenirahisishia kazi. Nikilielewa vizuri swali lako, unataka kujua kama ulichokiona ni kosa la mikono yako au ni jambo ambalo faji hulifanya kweli, na kama ni la kweli, linafanyikaje na lina madhara gani. Nianze na jibu fupi: usitupe kitu. Jambo hilo lipo, limejulikana tangu mwaka 1947, na T4 ni miongoni mwa faji zinazolifanya vizuri kuliko nyingi. Hata hivyo, jaribio lako kama ulivyolieleza halithibitishi kwamba ndilo lililotokea. Msimamizi wako ana sababu ya kushuku, ingawa mimi nashuku kitu kingine, si uchafu.

Hoja ya rafiki yako ina ukweli nusu. Kirusi kilichomo ndani ya chupa, nje ya bakteria, hakikarabati chochote. Hakina nishati, hakina malighafi, na DNA yake imekunjwa na kushindiliwa ndani ya kichwa cha protini. Ukiiacha faji iliyopigwa mionzi mezani kwa wiki nzima haitapona. Lakini DNA hiyo imebeba maelekezo ya kutengeneza vifaa vya ukarabati. T4 ina jozi za besi takriban 169,000 na jeni zinazokaribia 300, na sehemu yake nzuri ni za kunakili, kukata, kuunganisha na kurekebisha DNA. Ikishaingiza DNA yake ndani ya bakteria, mitambo ya mwenyeji inaanza kuzisoma jeni hizo na vifaa vinatengenezwa ndani ya dakika chache. Kwa hiyo ukarabati unafanyika ndani ya bakteria, kwa nishati ya bakteria, lakini kwa zana ambazo nyingi ni za faji yenyewe. Kama kirusi ni kiumbe hai au la ni mjadala mwingine, na jibu lake halibadilishi chochote hapa.

Sasa tuone taa yako ilifanya nini. Mionzi ya urujuanimno, hasa ile ya nanomita 254 inayotoka kwenye taa nyingi za maabara, hunyonywa na besi za DNA. Besi mbili za thaimini zinazopakana kwenye uzi mmoja hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuacha kupangana sawasawa na wenzao wa uzi wa pili. Kimeng'enya kinachonakili DNA, polimerasi, kikifika hapo hukwama. Kimeng'enya kinachosoma jeni nacho hukwama. Jeraha moja likiangukia jeni ambayo faji haiwezi kuishi bila hiyo, faji hiyo ikiwa peke yake haitazaa. Mionzi hii yenyewe haikati nyuzi mbili kwa wingi. Mikatiko huja baadaye, pale unakilishaji unapokwama na DNA inapoachwa na pengo la uzi mmoja, au pale kimeng'enya kinapokata palipokwama. Hivyo ndivyo jeraha dogo la besi mbili linavyoishia kuwa DNA iliyovunjika.

Salvador Luria alikuwa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, alipoona kitu kinachofanana na chako. Faji zilizouawa kwa mionzi, zikiingia moja moja kwenye bakteria, hazikuzaa. Zikiingia mbili au zaidi kwenye bakteria mmoja, ghafla uzazi ulirudi. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1947, kisha akayaendeleza na Renato Dulbecco mwaka 1949. Wakati huo muundo wa DNA ulikuwa haujajulikana, na maelezo yake ya kwanza, kwamba faji ina vipande vinavyojizalisha kila kimoja kivyake halafu vinakusanywa, hayakudumu. Lakini uchunguzi wenyewe umesimama hadi leo. Faji zilizokufa zikikutana ndani ya nyumba moja, zinaweza kutoa watoto wazima.

Siri yake ni kwamba majeraha huanguka ovyo. Fikiria nakala mbili za kitabu kimoja zilizoliwa na mchwa. Kila nakala imepoteza kurasa, lakini si kurasa zilezile, na mtu mwenye subira anaweza kutoa kitabu kizima kutoka kwenye hizo mbili. Tuifanyie hesabu, kwa sababu itakusaidia baadaye. Tuseme, kwa mfano tu, tunaigawa DNA ya faji katika sehemu 20 na mionzi yako imeipa kila sehemu uwezekano wa robo moja wa kuharibika. Faji moja kubaki nzima kote ni robo tatu ikizidishwa yenyewe mara 20, yaani kama 3 kwa 1,000. Ndiyo namba uliyoipata kwenye sahani zako. Sasa weka faji mbili kwenye bakteria mmoja. Ili sehemu fulani ipotee kabisa, lazima iharibike kwenye nakala zote mbili, na uwezekano wa hilo ni moja ya kumi na sita. Uwezekano wa kila sehemu kuwa na angalau nakala moja nzima unapanda hadi kama 28 kwa 100. Faji tatu, 73 kwa 100. Faji nne, 92 kwa 100. Kutoka 3 kwa 1,000 hadi 92 kwa 100, bila kuponya jeraha hata moja, kwa kuongeza nakala tu.

Katika uhalisia namba huwa chini ya hizo, kwa sababu kuwa na taarifa zote ndani ya bakteria hakutoshi. Kwanza lazima jeni za mwanzo zisomwe ili vifaa vitengenezwe, na hapo faji husaidiana: protini iliyotengenezwa kutoka kwenye jeni nzima ya faji moja hutumiwa na zote zilizomo. Pili, vipande vizima vilivyotawanyika kwenye molekuli nne au tano lazima viwekwe kwenye molekuli moja. Hiyo ya pili ndiyo kazi ya rekombinesheni, na hapo ndipo michoro ya vitabu inapokuangusha.

Mchoro wa mistari miwili inayopishana unaonyesha mwanzo na mwisho na kuficha kazi yote ya katikati. Kwa muda mrefu hata wataalamu walibishana kama molekuli kweli hukatika na kuungana, au ni mashine ya kunakili inayoruka kutoka nakala moja kwenda nyingine. Mwaka 1961 Matthew Meselson na Jean Weigle walitumia faji nyingine, lambda, na kuipa DNA yake uzito kwa kutumia kaboni 13 na naitrojeni 15. Walichanganya faji nzito na nyepesi kwenye bakteria mmoja, kisha wakapima uzito wa DNA ya watoto. Walikuta watoto waliochanganya jeni wakiwa na DNA iliyotoka moja kwa moja kwa mzazi mzito, imeunganishwa na ya mwepesi. Molekuli zilikuwa zimekatika kweli na kuungwa kweli. Leo tunajua kwamba kunakili nako kuna sehemu kubwa, hasa kwa T4, lakini jaribio lile lilifunga mjadala kwamba kukata na kuunga kupo.

Sasa twende hatua kwa hatua ndani ya T4. Tuanze na molekuli iliyovunjika, ikiwa na ncha mbili zilizo wazi. Jambo la kwanza linaloonekana kinyume na akili ni kwamba faji haianzi kuziba. Inaanza kwa kutafuna zaidi. Protini za jeni 46 na 47, zikifanya kazi pamoja, huula uzi mmoja kutoka kwenye ncha na kuuacha mwenzake ukiwa umechomoza peke yake, ukiishia kwa ncha inayoitwa 3′. Ncha hii ina sababu ya kubakizwa: polimerasi inaweza kurefusha DNA kutoka kwenye ncha ya 3′ tu. Faji inajitayarishia mahali pa kuanzia kuandika.

Uzi uliochomoza haukai uchi. Protini ya jeni 32 huuvaa mara moja, huunyoosha na kuuzuia usijikunje wala kuliwa. Bruce Alberts na wenzake waliieleza protini hii mwaka 1970, na ilikuwa ya kwanza ya aina yake kujulikana vizuri. Viumbe vyote tulivyochunguza vina kitu kinachofanya kazi hiyo. Ila vazi hilo linaleta tatizo, maana protini inayofuata nayo inataka kukaa kwenye uzi uleule. Inayofuata ni UvsX, na anayeipisha ni UvsY, protini ndogo inayolegeza protini ya jeni 32 na kuisaidia UvsX ijipange. UvsX hujipanga moja baada ya nyingine kuuzunguka uzi, ikiunyoosha hadi kiasi cha mara moja na nusu ya urefu wa kawaida. Bakteria wana jamaa yake anayeitwa RecA, na seli zako mwenyewe zina Rad51.

Uzi uliovikwa UvsX sasa ni chombo cha kutafuta. Unagusa DNA nyingine iliyomo ndani ya bakteria, unajaribu besi chache, zisipolingana unaachia, unagusa pengine. Hakuna anayeuelekeza. Ukifika mahali ambapo besi zinalingana kwa urefu wa kutosha, unajipenyeza kati ya nyuzi mbili za molekuli nzima, unashikana na mmoja na kuusukuma mwingine pembeni. Naomba uishike hatua hii kuliko nyingine zote, maana jibu la swali lako limo humu: molekuli iliyovunjika imeingia ndani ya molekuli nyingine yenye maandishi yaleyale, mahali palepale ilipokatikia. Bila molekuli ya pili, uzi ungeendelea kutafuta hadi mwisho bila kupata kitu. Ndiyo maana faji moja iliyozimuliwa sana hufa, na tano zilizomo pamoja hupona.

Baada ya kujipenyeza, ncha ya 3′ inakuwa mahali pa kuanzia. Protini ya jeni 59 huleta mtambo wa kufungua nyuzi, polimerasi inaingia, na taarifa zilizopotea zinaandikwa upya kwa kusoma molekuli nzima. Uzi uliorefushwa unaweza kuachia na kurudi kushikana na ncha ya pili ya mvunjiko, au ncha zote mbili zikabaki zimefungamana na molekuli mwenyeji. Zikifungamana, nyuzi nne hukutana kwenye fundo linaloitwa makutano ya Holliday, kwa jina la Robin Holliday aliyelipendekeza mwaka 1964. UvsW husogeza fundo hilo kando ya DNA, na kimeng'enya cha jeni 49 hulikata ili molekuli mbili zitengane. Kiunganishi cha jeni 30 huziba nyufa zilizobaki. Ile mistari miwili inayopishana kitabuni ni hapo tu, kwenye kukata fundo.

Hebu angalia pia kisa cha jeraha la mionzi ambalo bado halijavunja DNA. Polimerasi inakwama kwenye thaimini zilizoshikana, na uzi mpya unaishia hapo. Ncha ya uzi huo inaweza kuhamia kwenye nakala nyingine ambayo eneo hilo ni zima, ikasoma kupita pale palipokuwa na jeraha, kisha ikaendelea. Jeraha lenyewe halijaondolewa, bado lipo kwenye uzi wa zamani. Limezungukwa. Watoto wanapozidi kunakiliwa, nyuzi zenye majeraha zinakuwa chache kati ya nyingi zilizo safi.

Kwa nini T4 iwe hodari hivi? Jibu ninalolipenda lilitoka kwa Gisela Mosig wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt. DNA ya T4 ndani ya kichwa ni ya mstari, ina ncha mbili, na kila inaponakiliwa uzi mmoja hubaki na kipande cha mwisho kisichonakiliwa. Kipande hicho kinachomoza, kinaishia kwa ncha ya 3′, na kinafanana kabisa na uzi uliotafunwa kwenye mvunjiko. Mwishoni mwa DNA ya kila faji kuna marudio ya mwanzo wake, kama asilimia 3 ya urefu wote, na kila faji inaanzia mahali tofauti kwenye mzunguko wa jeni. Kwa hiyo ncha ya molekuli moja huwa na mwenza katikati ya nyingine. Inajipenyeza, na kutoka hapo unakilishaji mpya unaanza. Mosig na Andreas Luder walionyesha mwaka 1982 kwamba katika nusu ya pili ya maambukizi T4 inategemea njia hii kuzalisha DNA yake. Kwa faji hii, kukarabati na kuzaliana vinatumia vifaa vilevile. Ukiharibu jeni 46 au 47, unakilishaji unaanza vizuri kisha unasimama mapema.

Lambda ina njia yake, na nitaipitia haraka. Kimeng'enya chake Exo hutafuna uzi mmoja, Beta huulaza uzi uliobaki juu ya mwenzake unaolingana, na Gam humzuia mtafunaji wa bakteria aitwaye RecBCD asile ncha zilizo wazi. Watu wanaohariri jeni za bakteria hutumia protini hizo tatu hadi leo. Kwa mradi wako, T4 inatosha.

Turudi maabara. Nimesema nashuku kitu kingine kuliko uchafu, nacho ni faji zako 3 kwa 1,000 zilizobaki hai. Uliweka faji 5 kwa kila bakteria. Hiyo ina maana kwamba kwa kila bakteria 1,000 ulikuwa na faji hai 15. Kila bakteria aliyepata faji hai akipasuka alitoa faji 100 au zaidi, na 15 mara 100 ni 1,500, zaidi ya bakteria waliokuwepo. Mzunguko wa pili unawamaliza wote. Saa chache zinatosha sana. Hivyo kimiminika kingeweza kusafika na mavuno yakajaa bila faji hata moja iliyokufa kufufuka. Kuna na jambo la pili: faji nyingi mno zikimshambulia bakteria mmoja kwa pamoja humtoboa kutoka nje, akapasuka bila kuzaa chochote. Kwa faji 5 si rahisi, lakini kama hesabu yako ya faji kwa bakteria ilipungua kwenye makadirio, linawezekana. Kusafika kwa kimiminika pekee, basi, usikutumie kama ushahidi.

Rudia, lakini hesabu bakteria walioambukizwa kabla hawajapasuka. Changanya faji na bakteria kwa uwiano unaoujua, subiri dakika chache zishike, ziondoe ambazo hazijashika kwa mashine ya kuzungusha au kwa antiseramu ya T4 (kimiminika chenye kingamwili dhidi yake) kama maabara yenu inayo, zimua, kisha panda mara moja pamoja na bakteria wapya. Kila bakteria atakayezaa atatoa doa moja, haidhuru atatoa watoto wangapi. Kama ni faji zilizobaki hai peke yake, bakteria watakaotoa madoa watakuwa kama 1 au 2 kwa 100. Kama faji zilizokufa zinasaidiana, tegemea makumi kwa 100. Kwa hesabu yetu ya mfano, ukizingatia kwamba bakteria hawapati faji sawasawa, inafika zaidi ya 80, na wewe utapata chini ya hapo. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba huhitaji takwimu ngumu kuiona. Fanya kwa uwiano kadhaa, kuanzia chini kabisa ya faji 1 kwa bakteria 10, hadi 5 au 6. Mchoro wako ukipanda kwa kasi uwiano unavyoongezeka, hiyo ndiyo alama aliyoiona Luria. Weka pia sahani ya bakteria bila faji yoyote. Hiyo itamjibu msimamizi wako kuhusu uchafu.

Fanya kazi yote hiyo, kuanzia kwenye taa hadi kwenye sahani, mbali na mwanga mkali, na sahani uzifunike. Mwaka huohuo wa 1949 Dulbecco aligundua kwamba mwanga wa kawaida unafufua faji zilizopigwa mionzi zikiwa ndani ya bakteria: bakteria ana kimeng'enya kinachotumia mwanga wa buluu kuzitenganisha thaimini zilizoshikana. Sahani moja ikiwa karibu na dirisha na nyingine kabatini, utapata majibu mawili na hutajua kwa nini. T4 ina pia jeni iitwayo denV, ambayo protini yake hukata DNA kando ya jeraha ili litolewe. Ndiyo inayoifanya T4 istahimili mionzi hiyo karibu mara mbili ya jamaa yake T2. Hiyo haitavuruga jaribio lako, kwa kuwa inafanya kazi hata faji ikiwa moja, na imo tayari ndani ya zile 3 kwa 1,000. Kama idara yenu inaweza kupata faji zenye uvsX iliyoharibika, zipige mionzi ziende sambamba na zako. Zikishindwa kusaidiana ilhali za kawaida zinasaidiana, utakuwa umeionyesha rekombinesheni kazini, na huo ni mradi wa mwaka wa mwisho unaojitosheleza.

Hofu yako ya mwisho nimeiacha mwishoni kwa kuwa inahitaji maelezo haya yote kuijibu. Je, umetengeneza virusi vya hatari? Kwa jaribio hili, hapana. Faji zako zote ni T4 zenye maandishi yaleyale, na uzi unajipenyeza tu mahali besi zinapolingana. Ukichanganya nakala za kitu kimoja unapata kitu hichohicho. T4 haiwezi kuambukiza seli za binadamu, na DNA ya bakteria mwenyeji inaivunjavunja mapema, kwa hiyo haina mazoea ya kubeba jeni zake. Ukarabati kwa kunakili nakala nzima pia una makosa machache. Makosa hutoka kwingine: mwaka 1953 Weigle alionyesha kwamba lambda iliyopigwa mionzi huishi zaidi ikiwa bakteria naye alipigwa mionzi kabla, lakini watoto hutoka na mabadiliko mengi ya jeni. Hiyo ni njia ya dharura ya bakteria, inayoandika besi yoyote ili ipite jeraha. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili na kuilaumu rekombinesheni.

Lakini nisikudanganye kwamba rekombinesheni ya faji haina madhara popote. Faji zinazojificha ndani ya kromosomu ya bakteria, za jamii ya lambda, hubadilishana vipande kila zinapokutana, na baadhi hubeba jeni za sumu. Sumu ya Shiga kwenye E. coli O157:H7 imo kwenye faji ya namna hiyo. Sumu ya kipindupindu nayo imo kwenye faji, kama Matthew Waldor na John Mekalanos walivyoonyesha mwaka 1996. Ndiyo maana wanaotumia faji kutibu maambukizi sugu huchagua zile zinazoua tu na zisizojificha, na husoma DNA yake yote kabla ya kumpa mgonjwa. Mtu yeyote wa kwenu akiambiwa anywe au apakwe faji iliyotayarishwa na mtu asiyeweza kuonyesha hayo, mpeleke kwanza kwa daktari wa magonjwa ya kuambukiza. Na usiihesabu faji iliyopigwa mionzi kuwa imekufa na salama kumwaga. Hesabu tuliyofanya inaonyesha kwa nini. Taka zako zipitie kwenye mashine ya mvuke wa shinikizo.

Kama kesho utataka kutumia faji zinazojificha, au aina ya E. coli isiyo ya maabara, usianze kwa maelezo yangu ya maandishi. Kaa na msimamizi wako na ofisa wa usalama wa kibaiolojia wa chuo, mkubaliane kwa maandishi. Kuhusu taa, vaa miwani ya kuzuia urujuanimno na ufunike ngozi. Macho yakianza kuwasha kama yana mchanga saa kadhaa baada ya kazi, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo na uwaambie ni taa ya aina gani. Mpelekee msimamizi hesabu ya faji hai 15 kwa bakteria 1,000 kabla hamjapanga tena jaribio, mwombe aikague, na mwamue pamoja mtaanza na uwiano gani.